Mliookoka majuzi, kuhusu hii toba: mtafuteni kwanza anayewadai

Jamani hamjambo. Hii nawaandikia nyinyi mliookoka majuzi hapa Malindi na wale wa darasa la kipaimara pia, manake naona wengi mnaingia kwenye toba vile nliingia mimi, mbio mbio, afu miaka inaenda moyo bado mzito mtu anajiuliza kwani maombi hayafiki ama ni nini. Mimi niko kwenye wokovu mwaka wa kumi na saba sasa, kazi yangu ni kununua samaki kwa wavuvi na kuuza, kwa hiyo nitaongea kisamaki samaki mtanivumilia.

Nlikuwa na mizani ya kuning'iniza, imeharibika, na nlijua imeharibika. Changu au tasi wa kilo mbili inamsoma kilo moja na robo tatu. Sasa wavuvi ndo hao wananiita tajiri, manake kusi ikivuma bahari inachafuka hawatoki na mimi ndo nawakopesha pesa ya unga, kwa hiyo hata mtu akiona mizani inamlalia atasema nini na jina lake liko kwenye daftari langu? Nikaokoka. Kila usiku magoti chini, Zaburi 51 nimeikariri yote, nalia machozi ya kweli kabisa, asubuhi naamka nachukua mizani ile ile naelekea ufukweni.

Ukweli usemwe, lililokuwa linanificha ni neno "zote". Bwana nisamehe dhambi zangu zote. Ukisema zote hujasema hata moja. Siku nliyotaja kwa mdomo wangu, Bwana nimewaibia wavuvi kwa mizani, nikawataja mmoja mmoja, usingizi ulikataa, na nikajua sasa ndo naomba. Kwa hiyo la kwanza nawaambia ni hilo, taja. Kama wewe ni Mkatoliki utataja mbele ya padre kwenye kitubio, na hata yeye kama umeiba atakuambia ukarudishe. Sisi wengine tunataja chumbani. Lakini kumtajia Mungu hakumrudishii mtu samaki wake.

Someni Mathayo 5:23-24 polepole. Umefika madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako. Ana neno juu yako, yeye! Mimi miaka yote nlisoma kama ni mimi niliyekosewa. Basi sadaka inaachwa pale pale, unaenda kupatana kwanza, ndo unarudi.

Nikaenda. Nlianza na mzee mmoja, Muislamu, mtu wa ngalawa, na nlikuwa nimejiandaa na maneno mengi ya kanisani, nikayasahau yote, nikasema tu ami niwie radhi, mizani yangu imekuwa ikikuibia na nlijua. Akanyamaza akiendelea kushona wavu. Afu akasema, "Radhi nakupa. Mizani je?"

Mizani je! Nlikuwa bado ninayo mkononi. Zakayo mtoza ushuru alisema atarudisha mara nne, mimi mara nne sikuwa nayo, nlinunua mizani mpya na nikachana ukurasa wa deni la yule mzee, na wengine nikawalipa kidogo kidogo mpaka kaskazi ya pili. Mkienda kuomba msamaha msiende na "kama nilikukosea". Wewe unajua ulikosea. Na msimwambie lazima unisamehe manake Biblia imesema, hiyo ni kumkaba mtu mara ya pili.

Sasa upande wa kusamehe, huku ni kugumu zaidi. Mwenzangu wa chama chetu cha akiba alipotea na shilingi 80,000 zetu. Ibadani tukaambiwa wanaosamehe wainue mikono, nikainua, nikimuona kwa tuktuk tumbo linawaka. Kilichonisaidia ni hesabu ya Mathayo 18. Mtumwa anasamehewa talanta 10,000 afu anamkaba mwenzake kwa dinari 100, "nilipe uwiwacho". Dinari moja ilikuwa kibarua cha siku, talanta moja kama dinari 6,000. Fanya kibarua ni shilingi 1,000 basi mwenzake anadaiwa laki moja na yeye kafutiwa bilioni 60. Watu husema laki ile ilikuwa kitu kidogo, si kidogo jamani, ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Yesu hakusema ulichokosewa ni upuzi. Ndo maana waliposema kwangu "ah si pesa tu" nliumia zaidi.

Kwa hiyo nlianza kusema sentensi moja kila asubuhi, meno yamebana, Bwana nalifuta deni la fulani la elfu themanini, na riziki yake uibariki. Kila siku, manake Baba Yetu yenyewe inaomba riziki ya leo na hapo hapo inaomba kusamehewa deni, vyote vya leo, kesho unaomba tena. Miezi mingi ilikuwa mdomo tu. Nimemsamehe, tunasalimiana, lakini daftari la chama hashiki tena, hayo ni mambo mawili tofauti. Na dada zangu, anayekupiga unaweza kumsamehe ukiwa umelala kwa mamako na umeshapita polisi.

Kingine haraka, msamaha hauuzwi. Mtu akikudai mbegu, yaani sadaka ya pesa, ili akuombee toba, au akikuambia ufunge mpaka mwili ukatike ndo Mungu akusikie, ondoka. Sisi wa hapa tuliona msitu wa Shakahola mwaka 2023, watu walioambiwa wafunge mpaka kufa, zaidi ya miili 400, sina haja ya kueleza zaidi.

Wavuvi niliowaendea wote walinipa radhi isipokuwa mmoja. Nikimsalimia anaitika vizuri tu, samaki wake anampelekea mnunuzi mwingine, anapita na kapu mbele ya mizani yangu mpya. Sijamfuata tena. Zamu ya jina lake kwenye maombi yangu ni Jumatano.