Rangi moja kwanza, kompyuta baadaye

Swali la wiki hii lilikuwa: ni kitu gani umepunguza kwenye kazi yako ikawa nzuri zaidi? Mi nachora mabango, stika na tishati hapa Nairobi, karakana yetu iko upande wa River Road, na jibu langu ni vitu viwili vinavyotembea pamoja. Nimepunguza rangi, kila kazi inaanza na nyeusi peke yake, na kompyuta haifunguliwi mpaka wazo lisimame kwenye karatasi.

Nieleze kwa nini, juu wengi wakisikia hivyo wanadhani ni kukosa pesa ya mashine. Zamani, na hata sasa kwa tishati nyingi, tunachapa kwa skrini, yaani kitambaa chembamba kimevutwa kwenye fremu, wino unasukumwa na mpira upite pale ambapo hapajazibwa. Kila rangi na skrini yake. Ukitaka rangi nne unatengeneza skrini nne na zote lazima zilingane, moja ikiteleza kidogo tu mdomo wa mtu unachapwa shavuni. Kwa hivyo mteja akija na rangi sita kichwani, bei yenyewe ilikuwa inamuuliza, kwani hizi zote ni za nini? Fundi wa kuandika mabango kwa mkono naye ni hivyo hivyo, ana mikebe yake mitatu minne ya rangi na brashi zake, na bucha yote inasomeka: ng'ombe, mbuzi, nyekundu, nyeupe, basi.

Alafu ikaja printa ya dijitali. Kwa benna, rangi moja na rangi elfu bei ni ileile, unalipia ukubwa. Breki ikatoka. Ukitembea sasa kutoka Nyamakima mpaka Luthuli unaona benna zimejaa vivuli, miali ya moto, herufi za dhahabu, sura ya mwenye duka, bidhaa kumi, namba tatu za simu, na ukifika mwisho wa barabara hukumbuki hata duka moja. Waliozitengeneza wanajua kazi, wengine ni mafundi kunishinda kwa mbali, lakini hakuna kitu kiliwalazimisha kuamua. Na siku hizi unaandika maneno mawili kwa simu unapewa picha nyingi za kuchagua, hapo ndo kuamua kumezidi kuwa kugumu. Mi nikaona hio breki lazima niirudishe kwa mkono wangu.

Venye nafanya ni hivi. Mteja akikaa namuuliza swali moja, mtu akipita hapo kwako akiwa kwa matatu, dirishani, aone nini? Hapo wengi wananyamaza kidogo, alafu wanaanza orodha, na mi nangoja tu. Mama mmoja anauza samaki wa kukaanga Kariobangi alitaka samaki, ugali, chipo, namba ya till ya kulipia kwa simu, mstari wa Biblia na picha yake mwenyewe. Tukaongea mpaka ikatoka kwamba shida yake haikuwa watu kutojua anauza nini, harufu pekee inatosha, shida ni kwamba kibanda kiko ndani ya kichochoro na watu wanazunguka wanapotea wanaenda kununua kwa jirani. Nikachukua makapeni, yaani kalamu ya wino mzito, nene nyeusi, nene makusudi juu haikuruhusu kuchora magamba, nikachora visanduku vidogo vya ukubwa wa kibiriti, na ndani ya kila kimoja nikajaribu njia ya kumwingiza mtu kwa hicho kichochoro. Kwa kisanduku kidogo hivyo huwezi kuweka mshale na samaki pamoja, hapatoshi. Kwa hivyo samaki akawa ndo mshale. Samaki mmoja mweusi mrefu kwa ubao wa njano, kichwa kinaelekea ndani, chini jina lake na till. Mstari wa Biblia tukauweka ndani kibandani, pale mtu ameketi anakula na ana muda wa kusoma, na nafikiri hata huo mstari uliheshimika zaidi huko kuliko ukibanwa kati ya chipo na namba ya simu. Kama ningeanza na kompyuta, picha za samaki ziko huko maelfu, ningechagua mmoja mzuri nimpake mafuta yang'ae, na kichochoro nisingekifikiria hata dakika moja.

Nikishapata mchoro nabandika ukutani, navuka barabara, naangalia nikiwa upande ule mwingine na watu na mikokoteni inapita katikati. Ukisomeka hapo ni sawa. Alafu naupiga picha kwa simu naufanya mdogo kama ile duara ya profaili ya WhatsApp, juu siku hizi bango la mtu linaishi hapo pia. Zikipita zote mbili ndo naongeza rangi ya pili, na rangi ya pili lazima iwe na kazi, ya njano pale ilikuwa ya kuonekana kwenye kichochoro giza.

Fonti nazo nimebakisha mbili tu. Moja nono ya kusomwa mbali, na moja ya namba, na hii ya namba niliichagua nikiangalia 1 na 7, na 3 na 8, kama zinachanganyana, kwa sababu mteja akikosea tarakimu moja ya till pesa inaweza kuingia kwa mtu mwingine kabisa.

Tena sisi Wakenya hatuna haja ya kufundishwa hii kitu kutoka mbali. 2005 kwa ile kura ya maoni ya katiba, ndio ilikuwa ndizi na hapana ilikuwa chungwa. Katiba yenyewe ilikuwa kitabu kizima, vifungu chungu nzima, lakini pale kwenye karatasi ya kura ni tunda na tunda, chungwa likashinda na mpaka leo kuna chama kinabeba hilo jina. 2010 hata tunda halikuwepo, ilikuwa kijani kwa ndio na nyekundu kwa hapana, ukivaa tishati watu wanajua umesimama wapi. Na kanga je? Pindo la kuzunguka, mji wa katikati, na jina, yaani ule msemo, imeisha, na ndani ya hio mipaka watu wa pwani wamesema kila kitu kinachosemeka kati ya binadamu. Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam, mwisho wa miaka ya 1960, alichora kwa rangi za kupaka baiskeli kwa vipande vya hardbodi, akafariki 1972, yaani alikuwa na miaka michache tu ya kuchora, na hadi leo ukienda Maasai Market, soko la sanaa hapa Nairobi, unakuta picha za mtindo wake.

Kuna mtu atasema, sasa na matatu? Si ndo sanaa yetu na imejaa mpaka magurudumu? Ni kweli, na mi nazipenda sana. Lakini cheki ile nzuri ikiwa mbali, unaona sura moja ama neno moja, ule ujazo mwingine ni zawadi ya mtu aliye karibu, amekwama nyuma yake kwa jam ya Jogoo Road. Na ule mstari wa njano uliokuja na sheria za matatu za 2004 uko tu palepale, chini ya michoro yote, mtoto mdogo anaujua.

Shida inayobaki ni bei, na sijaimaliza. Mtu anaangalia samaki mmoja mweusi anauliza, nalipa hizi zote kwa samaki mmoja? Kwa hivyo sitoi tena kazi iliyoisha peke yake. Natandika mezani karatasi zote za visanduku, zile zilizokataa na zile zilizokaribia, namwonyesha hii ilianguka kwa nini na hii nyingine ilianguka kwa nini, na saa nyingine mteja anaokota moja ya zile nilizotupa ananiambia hapana, wewe hujui wateja wangu, ni hii. Na mara kadhaa amekuwa sahihi, nikaichukua tukaanza nayo upya, na bei hakuiuliza tena.