Kwa nini mgonjwa wa figo hupungukiwa damu
Umeuliza kwa nini mgonjwa wa figo hupungukiwa damu ilhali anakula vizuri. Chembe nyekundu hutengenezwa katika uboho wa mifupa, hasa ya nyonga, uti wa mgongo, mbavu na kidari, lakini amri ya kuzitengeneza hutoka kwenye figo, ambazo zikihisi upungufu wa oksijeni humwaga katika damu homoni iitwayo erithropoietini. Chembe changa hukomaa kwa takriban siku 7, hujaa hemoglobini (protini yenye madini ya chuma inayobeba oksijeni), hutupa viini vyake, kisha huingia katika mzunguko na kuishi siku 120 hivi. Figo zikidhoofika, homoni hiyo hupungua, na chembe nyekundu zinazotengenezwa hupungua pia. Hapo mchicha na vidonge vya madini ya chuma, japo vina faida yake, havitoshi, ndiyo maana daktari huweza kumwandikia mgonjwa sindano za homoni yenyewe.