Kontena juu ya kontena: majibu kwa wanaojenga nyumba za makontena Tanga

Nina kiwanja Raskazone. Nataka kontena la futi 40 juu ya jingine, la juu litokeze mbele mita mbili nipate kivuli cha gari. Fundi wa kuchomelea anasema hakuna shida. (Msomaji, Raskazone)

Shida ipo. Kontena hubeba mzigo kwenye nguzo zake nne za pembeni. Ubavu na paa ni bati jembamba. Ukilisogeza la juu mita mbili, pembe zake za nyuma zinatua mbali na nguzo za chini, na paa litabonyea. Zisimamishiwe nguzo za chuma kila pembe, hadi kwenye zege la msingi, mhandisi akipiga hesabu ya unene. Na madirisha: chomelea fremu ya skwea paipu (bomba la chuma la pembe nne) kwanza, ndipo ukate ubavu. Ukianza kukata, ukingo wa juu unalegea na fremu haikai tena.

Mchana ndani ni tanuri, AC haifui dafu. (Msomaji, Ngamiani)

Anza na paa, AC baadaye. Weka paa la pili la bati jeupe juu ya kontena, kukiwa na uwazi wa sentimita 30 unaopitisha upepo, na uzibe kwa wavu popo wasiingie. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na Kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, hivyo pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, zipate madirisha ya kuingiza hewa. Magharibi weka matundu ya kutolea, karibu na dari. Kizuia joto kigande kwenye chuma bila mwanya. Usiku bati hupoa, unyevu wa ndani unageuka matone nyuma ya jipsam, na kutu inaanza mahali usipopaona.

Makontena mawili ubavu kwa ubavu yanavuja katikati. Kila masika napaka silikoni. (Msomaji, Sahare)

Silikoni peke yake haitadumu. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.19; chuma kikipanda nyuzi 35 kati ya alfajiri na adhuhuri, kinarefuka milimita 5 hivi, na silikoni inachanika. Kwangua kutu hadi chuma king'ae, paka praima ya zinki (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), kisha funika mwanya kwa bati lililokunjwa kama mgongo wa paa. Lipige ribiti upande mmoja tu. Upande wa pili ulalie kontena sentimita 10, huru, uweze kuteleza. Ukilibana pande zote mbili, ribiti zitang'oka. Kwa chumvi ya bahari yetu, kagua maungio hayo kabla ya kila masika.

Tenki la lita 2,000 likae juu ya paa? (Msomaji, Kange)

Hapana. Maji yenyewe ni tani 2. Yajengee mnara wake. Paa litumie kukinga mvua: mita za mraba 60 zikipata milimita 20 ni lita 1,200. Maji ya mwanzo yamwage, yanaosha vumbi na chumvi.