Mlo wa kuonja ughaibuni: majibu kwa wasomaji wa Kigoma na Tabora

Mwezi uliopita nilisimulia hapa jioni moja niliyokula Lyon, Ufaransa, kwenye mgahawa wa hadhi ya juu wenye mlo wa kuonja. Kwa ambao hawakusoma: huletewi menyu uchague. Mpishi amekwisha kupanga sahani ndogondogo, nane, kumi, pengine kumi na tano, na zinakuja mezani moja baada ya nyingine. Maswali yameingia mengi, na mengi ni ya watu walio na tiketi mkononi. Nimechukua haya sita.

Shikamoo mama. Nakwenda Ufaransa kwa mafunzo ya miezi mitatu, na wenzangu wamepanga kunipeleka mgahawa wa namna hiyo. Nimeona picha: sahani kubwa, chakula kidogo kama kidole. Nitashiba, au nianze na ugali kabisa? – Kijana wa Mwanga, Kigoma

Marahaba mwanangu. Utashiba, na tafadhali usile kwanza. Mimi nilikula mchana wa siku ile, wali na kuku, kwa hofu hiyohiyo yako. Ilipofika sahani ya saba, ambayo ndiyo niliyokuwa naisubiri, niliishia nusu. Bado inaniuma.

Piga hesabu hivi. Kila sahani ni kama tonge tatu au nne. Zidisha mara kumi. Ongeza mkate wa moto na siagi, ongeza vitamutamu vya mwisho ambavyo huja hata baada ya kudhani mmemaliza. Halafu mlo wenyewe unachukua saa tatu, wakati mwingine zaidi, na tumbo linapata muda wa kuhesabu. Wengi wanaoshindwa katikati wameshindwa na mkate: ni mtamu, unaongezwa bila kuombwa, na unakuja ukiwa bado na njaa. Kula kipande kimoja, kingine kiache cha kupangusia mchuzi.

Kuhusu udogo wa chakula, nikueleze ninavyouelewa mimi. Nyumbani tunatenga vyote kwa mpigo: ugali wa muhogo, mgebuka, maharage yaliyoungwa kwa mawese. Wewe mwenyewe unamega, unachovya, unachanganya, kila tonge na ladha yake. Wafaransa nao zamani waliweka vyakula vyote mezani pamoja. Utaratibu wa sahani moja baada ya nyingine waliuchukua kwa Warusi katika karne ya 19. Katika mlo wa kuonja, kila sahani ni tonge ambalo mpishi amekwisha kulimega na kulichovya kwa niaba yako. Ndiyo maana ni dogo. Anaanza na vyepesi na vyenye uchachu, anakwenda kwenye samaki, kisha nyama, kisha vitamu. Ukiila kwa pupa umeipoteza safari yote hiyo.

Assalaam alaykum. Mwanangu anaishi London na amenialika mgahawa mkubwa kusherehekea kustaafu kwangu. Mimi ni Muislamu, na sitaki kumvunja moyo. Nitajuaje kilichomo kwenye sahani nisiyoichagua? – Mzee wa Ujiji

Waalaykum salaam. Shikamoo baba, na hongera kwa kustaafu.

Hili lisikutie unyonge hata kidogo, kwa sababu migahawa hii huuliza yenyewe. Mwanao anapobuku meza kuna sehemu ya kuandika mzio na vyakula usivyokula. Asiandike tu “Muislamu”, maana mpishi anaweza kuelewa ni nguruwe peke yake. Aandike kimoja kimoja: nyama ya nguruwe na mafuta yake, pombe ya aina yoyote, hata iliyopikwa, gelatini (kigandishio kinachotokana na ngozi na mifupa ya wanyama) isiyokuwa ya halali, nyama ya ng'ombe, kondoo au kuku isiyochinjwa kwa utaratibu wetu.

Hivyo vya kati ndivyo vinavyoponyoka. Mchuzi wa nyama mara nyingi huanzia kwenye mvinyo mwekundu. Keki hunyunyiziwa pombe kali. Krimu iliyogandishwa ikasimama vizuri inaweza kuwa na gelatini, na gelatini nyingi ya Ulaya hutokana na nguruwe. Njia nyepesi ni kuomba mlo wa samaki na mboga tangu mwanzo. Migahawa mingi ina mpangilio wa mboga uliotungwa kwa uangalifu uleule. Taarifa ifike siku kadhaa kabla, kwa sababu michuzi huanza kupikwa mapema na haibadilishwi mgeni akiwa ameshakaa.

Na mkifika, mkumbusheni mhudumu kwa mdomo. Rafiki yangu mmoja Muislamu, nikiwa naye katika mji mwingine, alikuwa ametoa taarifa kwa maandishi, na bado sahani ya nne ilikuja na mchuzi wa mvinyo. Mhudumu akamwambia pombe imeshakauka jikoni. Rafiki yangu akajibu kwa utulivu kwamba yeye hali, akasogeza sahani. Mpishi alitoka mwenyewe, akaomba radhi, akamwandalia uyoga na yai. Baba, wewe ndiye mgeni wa heshima siku hiyo. Kusema sili si utovu wa adabu.

Dada, nimebuku meza Paris kwa simu yangu, wanataka namba ya kadi ya benki. Ni matapeli? Na bakshishi ni kiasi gani? – Mfanyabiashara, Kasulu

Kama uliingia kwenye tovuti ya mgahawa wenyewe, si utapeli. Vyakula vinanunuliwa kwa idadi ya watu, hivyo usipotokea bila kutoa taarifa wanakata faini. Soma masharti ujue mwisho wa kufuta ni lini, na acha nafasi ya kutosha baada ya safari: ukipanga kula jioni ileile unayotua, ndege ikichelewa Dar fedha imekwenda. Pia angalia saa. Ukiona 19:30 ni saa moja na nusu usiku ya huko, kwa kuhesabu kwa Kiswahili, na ukiona 12:30 ni saa sita na nusu mchana. Nimeona watu wakilichanganya hilo.

Bakshishi hutegemea nchi. Ufaransa huduma imo ndani ya bei. Ukiacha kidogo ni shukrani tu. London wengi huongeza asilimia 12.5 kwenye bili, kwa hiyo isome kabla hujaongeza yako. Marekani wanategemea kama asilimia 20. Japani usiache kitu.

Ukiona bei ya usiku ni kubwa mno, tazama ya mchana. Paris na Lyon migahawa mingi ya hadhi hiyohiyo ina mlo mfupi wa mchana kwa bei ya chini sana kuliko ya usiku. Jiko ni lilelile.

Uma na visu vyote vile, naanza na kipi? – Mwalimu, Tabora mjini

Anza na vya nje, uje ndani. Mara nyingi hata hilo huhitaji, wanabadilisha kila sahani. Na vitu vingine huliwa kwa mkono: vile vitafunwa vya kwanza kabisa, na kwa Wajapani hata sushi, yale matonge ya wali na samaki. Ukiona hawajaweka kifaa, tumia vidole kwa amani.

Wanasema kila sahani ina mvinyo wake. Mimi sinywi. Nitaonekana mshamba? – Muuguzi, Nzega

Hapana, mdogo wangu. Uliza vinywaji visivyo na kilevi vinavyoendana na mlo. Siku hizi migahawa mingi huviandaa kwa makusudi: juisi za matunda na majani, chai zilizopozwa, vinywaji vya siki na asali. Wewe umekulia kwenye asali ya miombo, hapo unaweza kutoa maoni kuliko wanywaji wote wa meza. Wanywao nao wajue: glasi saba au nane, hata zikiwa ndogo, ni pombe nyingi kwa usiku mmoja.

Nyota za Michelin ni nini hasa? Na katika sahani zote za Lyon, ipi unayoikumbuka? – Msomaji, Kibirizi

Michelin ni kampuni ya matairi ya Ufaransa. Mwaka 1900 ilitoa kitabu cha kuwaongoza wenye magari, na mwaka 1926 ikaanza kuweka nyota kwenye migahawa. Nyota moja: ukipita, simama. Mbili: inafaa uache njia yako. Tatu: inafaa ufunge safari kwa ajili yake tu. Wakaguzi hula bila kujitambulisha.

Sahani ninayoikumbuka ni ileile ya saba. Kuna samaki wao wa maji baridi, brochet, mwenye miiba mingi myembamba. Watu wa Lyon tangu zamani humponda nyama, huichekecha mpaka miiba yote ibaki juu, huichanganya na yai na siagi, halafu huitokosa hadi ifure. Mhudumu aliweka mbele yangu kipande kidogo, cheupe, kikitetemeka, akamimina juu yake mchuzi wa rangi ya mawese uliotokana na kamba wa mtoni. Nilipoingiza kijiko hakikukuta ukinzani wowote. Ladha ilikuwa ya samaki mtupu, ule utamu wa samaki aliyetolewa majini alfajiri.

Nikamuuliza samaki ametoka wapi. Akasema Dombes, nchi ya mabwawa karibu na hapo, kisha akaniuliza mimi ninatoka maji gani. Nikamweleza ziwa letu la Tanganyika, kina chake kinachopita mita 1,400, taa za wavuvi wa dagaa usiku na jinsi wanavyopumzika mbalamwezi ikiwa kubwa. Alikwenda jikoni akarudi na mpishi, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyoungua ungua. Alitaka kujua dagaa wanakaukaje. Nikamwambia waliomwagwa mchangani hubaki na chembe zinazokwaruza meno, na wa chanjani hutoka safi. Akaniomba nimchoree chanja, nikamchorea nyuma ya karatasi ya menyu.