Kwa nini mshindani wako anajibu bure kwenye grupu?

Nauza spea Kariakoo. Kwenye grupu letu la WhatsApp la wauza spea na mafundi, jirani yangu anajibu kila swali, hata la mtu asiyenunua kwake. Anapata nini?

Anapata mafundi. Wenye magari wengi hawachagui spea, wanamwachia fundi. Fundi akituma picha ya kifaa kilichovunjika akauliza kama cha Voxy kinaingiliana na cha Noah, anayemjibu sawasawa ndiye atakayepigiwa simu kesho, gari likiwa bado juu ya jeki. Halafu maswali yenyewe ni mali. Jirani yako akiona mafundi wa Mbeya, Tanga na Dodoma wote wanahangaikia kitu kimoja ndani ya wiki, anajua aongeze nini kwenye oda ijayo. Wewe unasubiri mpaka mteja afike kaunta. Na umeona kwamba yeye hatangazi? Wanaomwaga picha za bei tangu alfajiri, nadhani nusu ya grupu ilishawapuuza.

Nina kampuni ndogo ya programu Nairobi. Vijana wangu wanatumia saa za kazi kurekebisha programu huria, yaani ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha, na hata washindani wetu wanaitumia. Niwakataze?

Usiwakataze, wawekee mpaka. Kampuni ya kompyuta ya IBM ilitenga dola bilioni 1 mwaka 2001 kwa ajili ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao yeyote anauchukua bure. Haikuwa sadaka. IBM inauza mashine na huduma, na mfumo usio na mwenyewe uliipunguzia kutegemea mifumo ya washindani kama Microsoft. Mwaka 2019 ikainunua Red Hat, kampuni iliyokulia kwenye Linux hiyohiyo, kwa dola bilioni 34.

Kwenu hesabu ni ndogo, lakini ni ya aina hiyo. Rekebisho likipokelewa na wanaosimamia programu hiyo, toleo jipya linakuja nalo. Mkilificha ofisini, mtalipachika upya kila toleo likitoka. Tena siku ukitaka kuajiri, kazi za watu wanaoirekebisha programu hiyo utakuwa umeshaziona. Yasiyogusa mnachouza, wayafanye jioni.

Sisi wauza vifaa vya ujenzi Mwanza tuna grupu. Admini anataka tukubaliane bei ya chini ya saruji. Si ndiyo faida ya umoja?

Hapana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei pamoja, na meseji zenu ndizo zitakazokuwa ushahidi. Andika waziwazi kwamba hukubali, na wakiendelea, toka. Yapo mengi halali ya kuongelea: dereva anayechelewesha mzigo, barabara iliyokatika, tapeli anayetuma ujumbe feki wa malipo kisha anaondoka na nondo. Kwa duka dogo, onyo moja la namna hiyo linatosha kuwa sababu ya kubaki kwenye grupu mwaka mzima.

Grupu moja la wakandarasi linadai ada ya kuingia. Nilipe?

Mtafute mwanachama mmoja, umuulize kazi gani ameipata humo. Akianza kukuhesabia idadi ya wanachama, usilipe.