Anza na yule binti aliyeondoka

Kila mwaka yupo mwanafunzi wa fasihi anayeandika kwenye pendekezo lake la utafiti kwamba atatumia saikolojia changanuzi na ufeministi kwa pamoja, kama vile wali na maharage. Nami niliandika hivyohivyo. Nilidai kwamba Freud, daktari mwasisi wa saikolojia changanuzi, aliwadharau wanawake, kurasa tatu nzima, na msimamizi akanirudishia kwa swali moja la kalamu nyekundu: "Kasema wapi?" Sikuwa na jibu. Freud nilikuwa nimemjua kwa midomo ya wanaomsema tu.

Kwa hiyo wewe unayeanza, weka kando kwanza muhtasari wa nadharia na ile michoro ya ung'amuzibwete, yaani sehemu ya akili tusiyoitambua. Tafuta kisa alichokiandika Freud juu ya mgonjwa wake Dora, kilichochapishwa mwaka 1905. Ni kifupi, na ugomvi wote utakaokutana nao baadaye umo humo.

Dora, ambaye jina lake halisi lilikuwa Ida Bauer, alipelekwa kwa Freud mjini Vienna na baba yake mwezi Oktoba 1900, akikaribia miaka 18. Baba alikuwa na uhusiano wa siri na mke wa rafiki yake, ambaye Freud anamwita Bwana K. Naye Bwana K. alimtongoza binti huyo kando ya ziwa, akala kofi. Dora aliposema, Bwana K. akakana, na baba akakubali kwamba mtoto ametunga. Soma hapo polepole, kwa sababu Freud alimwamini Dora. Wakosoaji wa haraka hulisahau hilo. Alimwamini juu ya tukio, kisha akamwambia kwamba moyoni alimpenda Bwana K. bila kujitambua, na kila alipokataa, kukataa kwake kukawa ushahidi. Tarehe 31 Desemba mwaka huohuo Dora akaaga, hakuendelea tena.

Ukishakisoma ndipo umfungue Karen Horney. Huyu alikuwa daktari wa fani hiyohiyo, Mjerumani, na hoja yake ya mwaka 1926 naipenda kwa ujanja wake. Alipanga mambo mawili sambamba: yale mtoto wa kiume anayowazia juu ya wasichana, na yale wachanganuzi wanayofundisha juu ya makuzi ya mwanamke. Yakalingana. Kisha akauliza kwa nini hakuna anayezungumzia wivu wa mwanamume kwa mimba na uzazi. Wafeministi Simone de Beauvoir (1949) na Kate Millett (1970) wasome pia, ila Millett ana hasira, na hasira yake huambukiza. Mimi iliniambukiza kabla sijasoma chochote. Juliet Mitchell, mfeministi pia, mwaka 1974 aliwageukia wenzake akasema Freud hapendekezi mfumo dume, anaonyesha unavyoingia ndani ya mtu. Bado sijaamua kama ana haki kwa asilimia zote. Kwa Dora naona Freud alifanya yote mawili.

Sasa jambo la lugha, maana hapa ndipo tasnifu nyingi za Kiswahili zinapojikwaa. Ule "wivu wa uume" unaotajwa kila mahali, dai la Freud kwamba msichana huonea wivu uume asio nao: uume upi? Kwetu neno hilo ni kiungo, na ni hali ya kuwa mwanamume pia. Lacan, mchanganuzi Mfaransa aliyemfuata Freud, alilazimika kutumia maneno mawili tofauti kutenganisha kiungo na kile kinachowakilishwa nacho, na wafeministi wakabishana naye miaka mingi juu ya mpaka huo. Sisi tunaandika neno moja na msomaji hajui tumesimama upande gani. Eleza mapema unakusudia lipi, na ulishikilie hadi mwisho.

Utakutana pia na "bara la giza." Freud aliyaandika maneno hayo mwaka 1926 juu ya maisha ya kijinsia ya mwanamke, tena kwa Kiingereza katikati ya Kijerumani chake. Ni maneno yaliyovumishwa na kitabu cha mpelelezi Stanley cha mwaka 1878, kuhusu safari aliyoianza Bagamoyo mwaka 1874 akiwa na wapagazi wengi wa Zanzibar. Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu maktabani. Njia za misafara kwenda maziwa makuu zilikuwa zikipitiwa na watu wetu kabla Stanley hajashuka chomboni. Giza lilikuwa la nani?

Ukiwa na swali hilo, rudi kwa Dora ukasome kurasa za mwisho, ambazo wengi huziruka. Aprili 1902 alirudi kwa Freud akiomba matibabu ya maumivu ya uso. Freud akamtazama mara moja tu, akaona hana nia ya kweli. Lakini ameandika, kwa mkono wake mwenyewe, habari aliyoletewa: Dora alikuwa amekwenda kwa akina K. na kuwakabili. Mke hakukana kuhusu baba. Na Bwana K. akakiri yaliyotokea kando ya ziwa.