Usichague bati la bawa kwa kuangalia nguvu peke yake

Mkuu, kabla hujalipia hilo bamba la 7075, aloi (mchanganyiko wa metali) ya alumini, simama kwanza. Unasema kikundi chenu cha chuo kinaunda droni ya kubeba dawa, mmelinganisha namba za nguvu, 7075-T6 imeishinda 2024-T3, aloi nyingine ya alumini (T6 na T3 ni namna zilivyokomazwa), basi suala la aloi limeisha. Mnachouliza sasa ni kuunga mabati kwa gundi au kwa ribiti, na kama nyuzi za kaboni zikiungua zina hatari zaidi kuliko alumini. Suala la aloi halijaisha! Ndilo litakaloiangusha ndege yenu kama lilivyoiangusha yetu.

Namba ni za kweli. 7075-T6 hukatika kwenye takribani MPa 570 (megapaskali, kipimo cha nguvu kwa eneo), na 2024-T3 kwenye 480. Lakini hiyo ni nguvu ya kipande kizima, kisicho na tundu, kilichovutwa mara moja hadi kikakatika. Bawa halifanyiwi hivyo. Linapinda na kurudi kila upepo unapolipiga na kila ndege inapotua, na kila mara ufa mdogo kwenye ukingo wa tundu la ribiti unasogea mbele kidogo. Hapo 2024 ndiyo mvumilivu: ufa hutembea polepole, ukapata nafasi ya kuuona. Ndani ya 7075-T6 ufa hukimbia. Ndiyo maana ndege nyingi za abiria za alumini zilivikwa 2024 kwenye kiwiliwili na upande wa chini wa bawa, unaovutwa, na jamii ya 7075 ikawekwa upande wa juu, unaobanwa.

Sisi tulifundishwa kinyume. Mkufunzi wetu alisema aloi yenye nguvu zaidi ndiyo salama zaidi. Tukapanga mifuko ya mchanga juu ya bawa, likahimili mara mbili ya mzigo wake, akasaini. "Mchanga umeshindwa, upepo utaweza nini?" Bati tulilikunja kwa kona kali, matundu tukayatoboa kwa keekee, na hakuna aliyetuambia tusafishe kingo zake. Droni iliruka vizuri kwa muda, tukaanza kupongezwa. Kisha bawa la kushoto likakatika ikiwa inageuka kurudi. Pale lilipokatika palikuwa na mistari iliyopinda, kama alama za maji yanapokupwa ufukweni, yote ikianzia kwenye tundu moja la ribiti. Ufa ulikuwa unakua siku zote hizo chini ya rangi tuliyoipaka sisi wenyewe. Injini, kamera na fedha za mradi vyote vikaishia kwenye shamba la mtu, na ni bahati tu kwamba mwenye shamba hakuwepo. Mpaka leo nina hasira na yule mkufunzi, kwa sababu alitufundisha kwa uhakika jambo ambalo wenye fani walishalijua kuwa si kweli tangu 1954.

Soma habari za Comet, ndege ya abiria ya jeti ya Uingereza. Ile yenye namba ya usajili G-ALYP ndiyo iliyofungua safari za abiria za jeti Mei 2, 1952, London kwenda Johannesburg kupitia Entebbe. Januari 10, 1954 ilipasuka hewani karibu na kisiwa cha Elba, watu 35 wakafa. Ilikuwa imeruka safari 1,290 tu za kujazwa hewa ndani ili abiria wapumue angani, ilhali kiwandani kipande cha kiwiliwili kilijazwa na kupunguzwa hewa zaidi ya mara 16,000 kabla ya kupasuka. Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba kipande hichohicho cha kiwandani kilikuwa kimeshajaribiwa kwa mara mbili ya shinikizo la kawaida, na ule mvuto mkubwa ukaziacha kingo za matundu zikiwa zimebanwa, nyufa zikachelewa. Ndege zilizouzwa hazikuwa na bahati hiyo. Jaribio la mzigo mkubwa liliwapa waundaji wake matumaini ya uongo, sawasawa na mchanga wetu.

Kwa hiyo kila kipande unachochora, swali la kwanza liwe: ufa ukianzia hapa, nitauona kabla haujakata? Upande wa chini wa bawa weka 2024-T3. Kona zikunje kwa duara pana. Kila tundu lisugue kingo kwa tupa laini na msasa kabla ya ribiti. Acha mlango mdogo wa kuchungulia mhimili (boriti kuu inayobeba bawa) kwa ndani, na usiupake rangi nzito.

Weka hapa mchoro wa pale bawa linapoungana na kiwiliwili kabla hamjakata chochote. Yetu ilikatikia hapo.